Jina na Tangazo: Leso ya Ukumbusho na Maandishi ya Kilatini Mjini Nairobi

Utangulizi

Wahakiki walioichunguza leso kama matini ya fasihi, miongoni mwao Saida Yahya-Othman (1997), Rose Marie Beck (2001) na Sharifa Zawawi (2005), wameshughulika zaidi na leso ya kila siku: ile ambayo mwanamke huinunua kwa sababu ya jina lake, akaivaa au akamtunuku mwingine, na kwa njia hiyo akasema jambo ambalo ulimi wake usingethubutu kulitamka. Leso ya ukumbusho haijapata nafasi kama hiyo. Hii ni ile inayochapishwa kwa ajili ya maonyesho, mkutano wa kimataifa, ziara ya kiongozi au sherehe ya taifa. Aghalabu mhakiki huiona kuwa chombo cha propaganda, kisha huipita akaenda kutafuta mafumbo kwingineko.

Makala haya yanadai kwamba mpaka huo umewekwa mahali pasipostahili. Leso ya ukumbusho huweza kuwa na maandishi ya aina mbili ndani ya pindo moja. Aina ya kwanza ni tangazo, nayo hutaja tukio, mtu, mahali na mwaka. Aina ya pili ni jina lenyewe, kwa maana ambayo wavaaji wa leso wanaijua. Uhusiano wa maandishi hayo mawili ndio unaopaswa kuhakikiwa. Ili kuonyesha tofauti yake, makala yataiweka leso kando ya maandishi mengine ya ukumbusho yanayoonekana kila siku mjini Nairobi, yaani kauli za Kilatini zilizo kwenye nembo za chuo na shule, kuanzia katikati ya jiji hadi vitongoji vya magharibi. Baada ya hapo yatasoma leso moja iliyochapishwa kufuatia uchaguzi wa Barack Obama mwaka 2008.

Leso na kitambaa cha maonyesho: asili ya karibu

Neno leso limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkono. Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vilivyochapishwa Ulaya kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakavishona sita pamoja, safu mbili za vitatu vitatu, wakapata vazi. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo nzima yenye pindo na mji, na hatimaye yenye jina.

Kiwanda cha kuchapisha vitambaa vya mkono ndicho pia kilichozaa kitambaa cha ukumbusho cha maonyesho ya kimataifa. Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 yaliuziwa wageni vitambaa vyenye picha ya jumba la vioo lililojengwa Hyde Park, na yale ya Philadelphia ya mwaka 1876 yakafuata desturi hiyo hiyo. Medali zilizotolewa London mwaka 1851 zilichongwa maneno ya Kilatini. Kilatini kilichaguliwa kwa sababu maonyesho yalitaka kusema na dunia nzima na na vizazi vijavyo, tena kwa sauti isiyo ya mtu yeyote mahsusi. Mwaka 1924, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilipopelekwa Wembley kwenye Maonyesho ya Dola ya Uingereza, zilikuwa zenyewe ndizo vitu vya kutazamwa katika banda la Afrika Mashariki.

Kwa hiyo kitambaa cha maonyesho na leso ni watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili. Kitambaa cha maonyesho kilibaki mikononi mwa taasisi iliyokiandika. Leso ilichukuliwa na wanawake wa pwani, wakaifanya ya mwili na ya nyumbani, nayo ikajifunza kusema kwa fumbo. Leso ya ukumbusho inayochapishwa leo ni mahali ambapo ndugu hao wawili wanakutana tena.

Herufi za Kilatini na hadhira mpya

Majina ya leso za mwanzo wa karne ya 20 yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mapokeo ya Mombasa yanaihusisha desturi ya kuandika majina na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana zaidi kwa alama ya Mali ya Abdulla. Msomaji wa jina alikuwa mtu aliyepitia chuoni, na kwa kuwa wasichana wa pwani nao walisomeshwa Kurani, hati hiyo haikuwafungia mlango. Mabadiliko ya kwenda herufi za Kilatini yalikuja polepole, yakafuata njia ya shule za misheni na serikali na ya usanifishaji wa Kiswahili ulioshika kasi baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya mwaka 1930.

Mabadiliko hayo kwa kawaida huelezwa kuwa hasara, na hasara ilikuwapo: mwanamke aliyejua hati moja tu alijikuta amevaa neno asiloweza kulisoma. Hata hivyo yalikuwa na matokeo mengine mawili yanayogusa mada hii. La kwanza, leso iliweza kusomwa bara. Mnunuzi wa Biashara Street, Nairobi, au wa soko la Kangemi, ambaye si Mswahili wala si Mwislamu, akawa msomaji halali wa jina. Bila hadhira hiyo, leso ya ukumbusho wa kitaifa isingekuwa na maana. La pili ni la kifani. Hati ya Kiarabu haina herufi kubwa, ilhali majina ya leso katika herufi za Kilatini karibu yote huandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama maandishi yanayochongwa juu ya jiwe la msingi. Fani ya ukumbusho iliingia kwenye leso kupitia umbo la herufi kabla haijaingia kupitia maudhui.

Kauli zisizo na nafsi

Mji wa Nairobi una maandishi ya Kilatini mengi kuliko inavyodhaniwa. Nembo ya Chuo Kikuu cha Nairobi inasema Unitate et Labore, yaani kwa umoja na kazi. Katika vitongoji vya magharibi, Kenya High School iliyoko Kileleshwa ina Servire est Regnare, kutumika ni kutawala, Lenana School ina Nihil Praeter Optimum, hakuna ila kilicho bora kabisa, nayo St. Mary's School ina Bonitas, Disciplina, Scientia, wema, nidhamu na elimu.

Kauli hizi nne zikichunguzwa kisarufi, jambo moja linajitokeza. Hakuna hata moja yenye nafsi. Ya kwanza ni nomino mbili bila kitenzi. Ya pili ina vitenzi-jina viwili vilivyounganishwa, bila mtenda. Ya tatu haina kitenzi. Ya nne ni orodha. Hakuna anayesema, hakuna anayeambiwa, na hakuna wakati. Mwanafunzi huivaa kauli hiyo kifuani kwa miaka minne bila kulazimika kuielewa, na heshima yake haipungui kwa kutoeleweka. Pengine huongezeka.

Majina ya leso yanakwenda kinyume na hayo. Japo sipati tamaa sikati: nafsi ya kwanza inajitokeza mara mbili kwa ukanushi. Usisafirie nyota ya mwenzio: nafsi ya pili inaonywa ana kwa ana, na nafsi ya tatu imo katika mwenzio. Sisi sote abiria dereva ni Mungu: nafsi ya kwanza wingi inamkumbatia msemaji, msikilizaji na mpita njia. Hata jina lililo methali isiyotaja nafsi hupewa nafsi na mwili unaolivaa. Wema hauozi begani mwa mama mkwe si kauli ile ile begani mwa mke mwenza. Beck amesisitiza kwamba mvaaji anaweza daima kukana kuwa alimkusudia mtu. Ukanaji huo unawezekana kwa sababu nafsi ipo lakini haijafungwa kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo ugumu wa leso ya ukumbusho unapoonekana. Tangazo linalochapishwa juu yake huwa ni jina la taasisi, jina la mji na mwaka. Hata likiandikwa kwa Kiswahili fasaha, kisarufi ni Kilatini: nomino tupu, bila nafsi, lisiloelekezwa kwa yeyote. Mwaka 1985 Nairobi ilipokea mikutano miwili mikubwa ya dunia kwa muda wa wiki chache. Kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa tatu wa dunia kuhusu wanawake katika jumba la KICC, huku kongamano la mashirika yasiyo ya kiserikali likikusanya zaidi ya watu 10,000 katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwezi Agosti lilifuata Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, na tarehe 18 Papa Yohane Paulo II akaadhimisha misa ya kulifunga Uhuru Park. Mikusanyiko ya namna hii ndiyo mazingira ya asili ya kitambaa cha ukumbusho kote Afrika: picha katikati, nembo pembeni, mahali na mwaka chini. Tukio likishapita, tangazo halina la kusema zaidi. Nguo inayobeba tangazo pekee huanza kuzeeka siku ya pili, na mwisho wake ni kupangusia meza.

Picha na mwili

Kabla ya kusoma mfano, inafaa kutaja tatizo la picha, kwa kuwa picha ndiyo inayotofautisha leso ya ukumbusho na nyingine kwa macho ya mvaaji. Leso ya kawaida haina upande wa heshima. Hubebewa mtoto, hufungwa kiunoni jikoni, hutandikwa chini bibi arusi apite juu yake, hufunikiwa maiti. Picha ya uso wa mtu huzuia baadhi ya matumizi hayo. Mwanamke anayetandika chini leso yenye uso wa rais anatoa hoja ya kisiasa, apende asipende. Akijifunga kiunoni, mji wa leso huangukia makalioni, na kiongozi aliyekusudiwa kutukuzwa huketiwa.

Leso na vitenge vyenye nyuso za Mzee Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi viliyaonyesha haya vizuri. Vilivyovaliwa kwa mkupuo na vikundi vya kina mama uwanjani vilikuwa sare, na sare haina fumbo. Nguo hiyo hiyo nyumbani ilirudia kazi zake za kawaida. Mvaaji aliyeikunja ili uso usionekane na yule aliyeuacha uonekane hawakusema jambo moja. Mtindo wa kuvaa huweza kulirudishia tangazo nafsi ambayo mchapishaji aliiondoa. Hata hivyo mhakiki asiipe hoja hii uzito kupita kiasi. Uhuru wa mvaaji ni mdogo pale ambapo nguo imegawiwa bure na mahudhurio yanahesabiwa.

Leso ya mwaka 2008

Barack Obama alichaguliwa kuwa rais wa Marekani tarehe 4 Novemba 2008, na serikali ya Kenya ikatangaza tarehe 6 Novemba kuwa sikukuu. Leso iliyochapishwa kusherehekea tukio hilo, ambayo nakala yake imo katika hazina ya Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, ina picha ya Obama na maandishi mawili. La kwanza ni HONGERA BARACK OBAMA. La pili, lililo mahali pa jina, ni UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU.

Andiko la kwanza ni tangazo, lakini si la Kilatini kwa maana iliyoelezwa. Hongera inadai mtu wa kuambiwa. Mtu huyo yuko Washington na hataiona leso, kwa hiyo hadhira inayotajwa si hadhira inayosoma. Msomaji halisi, jirani wa mvaaji, anasikia pongezi zisizomhusu na kualikwa azifanye zake. Huo ni mzunguko ule ule wa leso ya mafumbo, ambapo anayetajwa siye anayelengwa.

Andiko la pili linastahili kusomwa polepole. Kimizani lina silabi 7 na 8, pungufu ya silabi moja tu kufikia mshororo wa tarbia wenye vipande vya nane nane, na sikio lililozoea ushairi wa Kiswahili hulipokea hivyo. Kisarufi, kitendwa kimetangulizwa na mtenda amewekwa mwisho. Anayesoma upendo na amani chini ya picha ya Obama hutarajia kuambiwa kwamba Obama ndiye aliyevileta. Kitenzi ametujalia kinairefusha tarajio hiyo, kwani kiambishi cha nafsi ya tatu kingeweza kumrejelea yeyote. Neno la mwisho linalikata tarajio hilo: Mungu. Pongezi zilizotolewa juu zinapunguzwa chini kwa adabu, bila kumvunjia heshima aliyepongezwa. Yeye amepewa hongera, lakini shukrani zimepelekwa kwingine.

Inaweza kupingwa kwamba huu ni ucha Mungu wa kawaida wa majina ya leso na kwamba mchapishaji hakukusudia kejeli. Pingamizi hilo ni la kweli kwa upande wa nia, lakini haliondoi hoja. Mchapishaji alichota kwenye ghala la jina la leso, na ghala hilo lina mazoea ya karne nzima ya kutomwachia binadamu neno la mwisho. Jadi ilifanya kazi yake hata kama aliyeitumia alikuwa akifikiria mauzo tu.

Lipo pia swali la kiambishi -tu-. Ni sisi gani tuliojaliwa? Mwaka 2008 nchini Kenya neno amani halikuwa pambo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na mitaa ya Nairobi kama Kibera, Mathare na Kawangware ilishuhudia majirani wakifukuzana. Mkataba uliotiwa saini mbele ya Harambee House, katikati ya jiji, tarehe 28 Februari 2008 ulikuwa na miezi minane na siku chache tu Obama aliposhinda. Kumsherehekea mtoto wa Mkenya aliyechaguliwa ugenini kulikuwa na ladha chungu kwa nchi iliyokuwa imemwaga damu kwa kura zake yenyewe. Mwanamke wa Kawangware aliyevaa jina hilo mwishoni mwa mwaka huo aliweza kusomwa kwa njia tatu: anashukuru kwa amani iliyorejea, anaomba isiondoke, au anawasuta waliodai kuwa wao ndio walioileta. Hakuna hata moja ya maana hizo inayomhitaji Obama.

Kwa sababu hiyo leso hii imeweza kuishi baada ya tukio lake. Muhula wa pili wa Obama ulikwisha Januari 2017. Tangazo limekuwa historia, lakini jina bado linafaa arusini, kwenye arobaini ya mtoto na katika kuwapatanisha ndugu waliokosana. Picha inaweza kukunjwa ndani. Jina likaachwa nje.

Nani ahifadhi?

Suala la mwisho ni la kitaasisi, na linaigusa idara yoyote ya Kiswahili. Mwaka 2006 Nairobi Gallery, iliyo kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, iliandaa maonyesho ya kimataifa yaliyoitwa Hazina, yenye vitu vya Afrika Mashariki vilivyoazimwa kutoka Jumba la Makumbusho la Uingereza. Vitu hivyo vilikuja kwa mkopo, na mkopo hurudishwa. Jengo lililovipokea, la mwaka 1913, lilikuwa ofisi ya serikali ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Hizo ndizo nyakati tatu ambazo leso haikosi. Serikali iliandika nyakati hizo daftarini kwa majina na tarehe, na daftari zikatunzwa. Wanawake waliziandika kwa leso, na leso zikatumika hadi zikaisha.

Mtafiti anayetaka kulinganisha leso za ukumbusho za miaka arobaini iliyopita hukuta njia ya London ni nyepesi kuliko ya Nairobi. Chuo kinachotunza kauli yake ya Kilatini kwenye kila cheti, na kinachofundisha fasihi simulizi kwa kusisitiza muktadha na utendaji, hakina budi kujiuliza kwa nini matini inayopita langoni mwake kila asubuhi, mwilini mwa mama anayeuza matunda, haina daftari. Kukusanya peke yake hakutatosha. Leso iliyowekwa kwenye sanduku la kioo bila maelezo ya nani aliivaa, wapi, na mbele ya nani, hugeuzwa tangazo hata kama ina jina zuri. Panahitajika rekodi ya usemi: aliyenunua, aliyetunukiwa, alivyoelewa na alivyokana.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba thamani ya kifasihi ya leso ya ukumbusho haiamuliwi na tukio linaloadhimishwa wala na cheo cha mtu aliyechorwa. Inategemea kama aliyeiandika aliacha nafasi ya jina. Pale ambapo pana tangazo peke yake, maandishi hufuata sarufi ya nembo, hayana nafsi, na hufa na mwaka wake. Pale ambapo jina limebaki, mvaaji huweza kulichukua na kulisema upya katika hali ambazo mchapishaji hakuziwazia. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu leso na vitenge vya vikundi vya kanisa na vyama vya akina mama vya Kangemi na Kawangware, ambako maandishi ya namna hii huagizwa na wavaaji wenyewe, na ambako mgawanyo wa jina na tangazo huenda ukachukua sura nyingine.